Injini Ile Haijapona

Bagira, Jumamosi alasiri, mvua inanyesha

Nsimire mwanangu,

Barua hii nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na mano, kile kipimo chenye sindano kinachoonyesha presio, yaani nguvu ya mafuta ndani ya injini, nikaiweka chini kabisa ya sanduku lako la vifaa. Nakujua, njiani hutalifungua. Utalifungua siku ya kwanza ya kazi huko Kampala, mtu atakapokuagiza ufunguo wa kumi na tatu. Kwa hiyo unaposoma hapa umeshavuka ziwa, umeshavuka mpaka, na umeshachelewa kurudi. Ndivyo nilivyotaka.

Nianze na lililo zito, maana nikilizunguka sitalisema kamwe. Injini ya gari letu haijapona. Ile sindano ya mano uliyoiona juzi asubuhi ikisimama vizuri, ukaruka ukanikumbatia na mikono yako yote ya mafuta, ilikuwa imesimamishwa na bati la kopo la maziwa. Mimi ndiye niliyeliweka. Nimekudanganya ili uondoke.

Sasa kaa chini. Kama uko karakanani na watu wanakuangalia, kunja karatasi usome jioni. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kuvaa sweta na kwenda misa. Shangazi yako Béatrice amekuimbia hayo siku mbili mfululizo kule kwake Kasha, na najua masikio bado yanakuuma. Mimi nina jambo moja tu, na ni la injini. Si unanijua.

Gari lile ndilo linalotulisha. Tangu benki zifunge na wenye magari ya maana wahame mji, garaje yangu imebaki ukuta na shimo. Mgongo wangu nao haukubali tena kulala chini ya gari, nikilala nusu saa natambaa kutoka kama mzee wa miaka mia. Kilichobaki ni teksi, mimi kwenye usukani kati ya Bagira na mjini, na mdogo wako Aline anasoma kwa kile ninachorudi nacho. Taa nyekundu ya mafuta ilipoanza kuwaka wiki mbili zilizopita, niliuona uso wako. Hukuitazama taa. Ulinitazama mimi, halafu ukamtazama Aline, nikajua umeshaanza kutoa nguo kwenye begi. Gari likifa, Nsimire haendi popote.

Na hii ni mara ya tatu nafasi ya Kampala inakujia. Mara ya kwanza mama yako alikuwa ametoka kufariki, ukasema hutaniacha peke yangu na mtoto. Mara ya pili ulikuwa mgongo wangu. Yule mwenye karakana wa Kampala ni mtu mvumilivu, lakini safari hii amesema Jumatano ijayo, na baada ya Jumatano nafasi ataipa mwingine. Una miaka ishirini na minne. Hakutakuwa na mara ya nne, mimi nalijua hilo hata kama wewe hutaki kulijua.

Kabla sijaendelea na aibu zangu, niseme jambo ambalo usoni nisingeweza kulisema, ningejishushia heshima bure. Unafanya kazi vizuri kuliko mimi. Wiki zile mbili nilikutazama ukiitafuta ile shida, na nilijivuna hadi nikaona haya.

Taa ilikuwa inawaka injini ikishapata moto, tena kwenye ralenti tu, ikizunguka polepole bila kukanyagwa. Ukikanyaga kidogo inazimika. Jirani yetu Papa Chérubin, anayejua kazi za watu wote isipokuwa yake, akasema ni waya, chomoa tu yaishe. Fundi mwingine angemsikiliza, waya ni jambo rahisi. Wewe ulichomoa kijiti ukaangalia kimo cha mafuta, ukayanusa kama yameingiwa na petroli, ukayasugua kati ya vidole. Ukayamwaga, ukabadilisha filta. Taa ikabaki pale pale. Ndipo ukafungua kile kiswichi cha mafuta ubavuni mwa injini, ukafunga mano mahali pake, tukasimama wote watatu na Aline tukiitazama sindano. Injini baridi, tatu na nusu. Ilipopata moto sindano ikaanza kushuka taratibu, ikaja kulala karibu na sifuri. Ukakanyaga, ikapanda hadi moja na kitu. Ukaachia, ikalala tena.

“Taa haidanganye, papa,” ulisema. “Presio kweli iko chini.”

Mimi pale pale nilishajua. Nimeona sindano nyingi zikilala namna ile, najua zinamaanisha nini. Lakini sikusema. Nilikuacha uendelee, kwanza kwa sababu ni haki kuanza na kilicho rahisi kabla ya kilicho kigumu, halafu kwa sababu kila hatua iliyobaki ilikuwa siku moja zaidi ya wewe kuwa na matumaini.

Ukashusha karteri, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Krepini, ule wavu mdogo ambao pompi inanyonyea mafuta, ilikuwa imejaa vipande vya silikoni na tope jeusi. Ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia: “Papa, ndjo iyi! Angalia, imezibana kabisa!” Ukaiosha kwa petroli, ukaipuliza, ukaitazama kwenye mwanga wa jua. Nilifurahi pamoja na wewe, na si uongo, nilifurahi kweli ingawa nilijua. Tukarudishia, tukawasha, tukasubiri joto. Sindano ikalala.

Ukafungua pompi, ukapima nafasi kati ya meno yake, ukasema imechoka lakini si ya kutupa. Hata hivyo ukaenda ukatafuta nyingine kwenye injini zilizokufa, ukarudi nayo umeloa hadi kwenye soksi. Sindano ikapanda upana wa ukucha, basi. Hapo ndipo nilipokuambia tutie rondela, kile kipete cha chuma, nyuma ya springi ya pompi. Springi ikikazwa sindano inapanda, kila fundi wa mji huu anaijua hiyo. Wewe ulifuta mikono taratibu kabla ya kunijibu.

“Iyo itapandisha ya baridi tu, papa. Ya moto itabakia vile vile. Na tena iyo ni kudanganya mano. Kule Kampala nitasema nini? Eti papa yangu anatiaka rondela?”

Nikacheka kwa sauti, nikamwita Aline aje asikie dada yake anavyonihubiria. Lakini ulinichoma, Nsimire. Ulikuwa hujui ulivyonichoma.

Kikabaki kitu kimoja, kusine. Yale maganda ya chuma laini yanayoishika vilbrekeni, na vilbrekeni yenyewe ndiyo mhimili unaozungushwa na pistoni zote. Kusine zikilika, nafasi inakuwa kubwa, mafuta yanatoka pembeni kwa haraka kuliko pompi inavyoyaleta, na hata ukiweka pompi mpya kutoka kiwandani hutapata kitu. Ulitaka uzifungue wewe. Nikakuambia nenda Kasha ukamuage shangazi yako, siku mbili, hizo niachie mimi. Ulisita. Kisha ukaenda, kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Jumanne nikaingia chini ya gari peke yangu, mgongo utake usitake. Nikafungua ya kwanza, ganda lilikuwa limepoteza rangi yake ya kijivu, shaba inaonekana. Nikapitisha ukucha juu ya chuma cha vilbrekeni, ukucha ukakwama kwenye mfereji. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu mbaya zaidi. Nikaligeuza ganda nisome namba mgongoni, na nilipoisoma nikaweka kila kitu kifuani nikabaki nimelala chali. Ilikuwa saizi ya mwisho. Vilbrekeni ile imeshasagwa mara zote inazoruhusiwa, na kusine nene zaidi ya zile hakuna anayezitengeneza. Hata ungekuwa na mashine ya Kampala hapa uani kwetu, hungekuwa na kitu cha kusaga. Injini ile haina dawa, na injini nyingine hatuna njia ya kuipata. Unajua kwa nini: benki zimefunga, na teksi inatutosha kula tu.

Sijui kama nililia, mafuta yalikuwa yananidondokea usoni. Kisha nikatoka, nikaenda jikoni, nikachukua kopo la maziwa ya unga la Aline lililokwisha, na mkasi.

Sasa nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukufundisha. Ulikuwa unadhani nimekufundisha kila kitu.

Unakata bati jembamba, upana wa kusine. Unalikunja kwa kidole lifuate ganda, unaliweka nyuma yake, unafunga. Ganda linasogea karibu na vilbrekeni, ile nafasi inapungua, mafuta hayatoki ovyo, sindano inapanda. Taa inazimika. Muda mfupi tu. Halafu bati linasagika, ganda linapoteza nafasi yake na kuanza kuzunguka, tundu la mafuta linaziba, na chuma kinakula chuma. Injini ambayo ingejikokota labda miezi miwili inakufa kwa wiki mbili, na ikifa inakufa vibaya.

Muzee aliyenifundisha kazi alinionyesha hiyo mwaka wangu wa kwanza, akatumia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nilimuuliza itadumu kiasi gani. Akaniambia: “Sikia, mutoto. Mutu anakujaka taa iko inawaka. Anatakaka arudi kwake taa imezimika. Ingine yote ni mambo ya Mungu.” Nikaona ni maneno ya hekima. Nilikuwa kijana, niliona kila kitu alichosema mtu mwenye garaje yake ni hekima.

Nami nilikuwa na mkono mzuri wa bati, mzuri kuliko wake. Jina lile la Docta, ambalo watu bado wananiita na wewe ulikuwa unalifurahia shuleni, nililipata hapo. Mtu akiambiwa huko mjini kwamba injini imekwisha, anatafuta mwingine wa kumwambia tofauti, na huyo mwingine nilikuwa mimi. Walikuja kutoka Nyalukemba na magari yao ya familia, walikuja kutoka Walungu na lori za mihogo. Sikuwa mwizi. Nataka unielewe hapo. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba injini yake imekuwa mpya. Nilimwambia tu, “Taa imezimika,” na ilikuwa kweli. Yaliyobaki alijisemea mwenyewe, na mimi nilimwacha ajisemee. Kosa langu halikuwa kutojua. Kosa langu lilikuwa kuishia pale mwenye gari alipotaka niishie.

Ulikuwa na miaka sita alipokuja yule bwana wa Mwenga mwenye gari la jipi la kubebea bidhaa na watu hadi kwenye machimbo ya dhahabu. Humkumbuki. Mtu mrefu, mpole, alikupa biskuti. Nikamtia bati, taa ikazimika, akaondoka akipiga honi. Wiki tatu baadaye akarudi kwa miguu, suruali imejaa matope hadi magotini. Injini ilikuwa imepasuka katikati ya msitu, mkono wa pistoni umetoboa ubavu wa injini ukatokea nje, na wao wamelala njiani siku mbili kwa hofu. Mizigo ilichukuliwa yote. Mmoja wa abiria wake, mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, walimbeba kwenye machela ya miti hadi kituo cha afya, mtoto hakupona. Nilisimama pale nikisubiri anipige. Nilikuwa nimeshajiandaa kupigwa.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Docta, asanti. Weye ulifanyaka yote. Injini tu ndjo ilichoka.”

Alikuwa ametembea kuja kunishukuru, unaelewa? Na mimi nikasema, “Pole sana, papa.” Nikaishia hapo. Mama yako alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alisubiri hadi yule bwana alipofika barabarani.

“Uyu mutu anakushukuru juu ya nini?”

Nikamwambia ni mambo ya kazi. Hakuuliza tena, wala hakunisema kwa mtu. Lakini tangu siku ile, wageni wakiniita Docta mbele yake, alikuwa anaingia ndani. Niliacha bati mwaka ule. Sikuacha kwa sababu niligeuka kuwa mtu mwema. Niliacha kwa sababu sikuweza kuvumilia kuuona mgongo wake akiingia ndani.

Nikadhani nimejifunza. Sasa nikuambie jinsi nilivyojifunza. Mama yako alipoanza kupata homa za jioni, muuguzi alisema apelekwe apimwe vizuri, damu na picha, asiishie kwenye vidonge. Nikanunua vidonge. Homa ikashuka. Wiki nzima haikurudi, nikamwambia unaona, umepona, akarudi sokoni Kadutu na ndoo yake ya samaki. Ilipokuja kurudi haikuwa tena ya kupimwa. Wewe ulikuwa kwenye mitihani, na sote tulikuambia ilikuja ghafla. Haikuja ghafla. Nilikuwa nimeiona, nikaizima taa, nikafurahi kwamba imezimika. Najua kwamba huenda angekufa tu hata angepimwa, watu wamenifariji hivyo na huenda ni kweli. Hainisaidii chochote.

Ndiyo maana nilipoanza kukufundisha wewe sikukuonyesha bati. Nilikufundisha mano. Nilikuambia amini kipimo, usiamini uso wa mwenye gari. Ulikuwa unaona baba mwenye msimamo. Kumbe ulikuwa unaona mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

Na Jumanne mikono hiyo ilikumbuka kila kitu. Nilifunga kusine zote hadi Jumatano mchana, nikatia mafuta mazito kuliko yote niliyoyapata, na Alhamisi asubuhi ukarudi kutoka Kasha, ukafunga mano kabla hata ya kunywa chai. Injini moto, ralenti, moja na nusu. “Papa, ulifanya nini?” uliniuliza. “Ilikuwa nini?”

Nikakuambia ilikuwa buchoni, kile kizibo cha njia kuu ya mafuta, ile ya nyuma, ilikuwa imelegea ndani kwa ndani na presio ikipotelea huko. Nikakuonyesha hata buchoni ya zamani niliyoiokota kwenye kopo la vyuma. Uliigeuza geuza mkononi, ukasema, “Ata sikufikiria iyo!” Ukaandika kwenye daftari lako. Hukuwa na shaka hata kidogo, kwa sababu katika miaka yote hiyo sikuwahi kukudanganya juu ya injini. Ndiyo sababu uongo ule uliingia kirahisi. Niliutumia uaminifu wako wote kwa siku moja.

Sasa fungua daftari lile, ufute. Hili nakuamuru, ni amri pekee katika barua hii. Siku moja utakuwa unawafundisha wengine, na sitaki fundi mmoja wa Kampala apoteze siku yake akitafuta buchoni kwa sababu ya uongo wangu. Andika kilichokuwa kweli: kiwango cha mafuta kizuri, filta mpya, krepini safi, pompi nzuri, injini ikipata moto presio inashuka karibu na sifuri. Kusine zimelika, vilbrekeni saizi ya mwisho. Hakuna la kufanya. Andika na hilo la mwisho, usiliache. Ni jibu pia, ingawa hakuna anayekulipa kwa jibu hilo.

Utakasirika. Kasirika. Nilikuwa nimekunyima kitu ambacho nilikufundisha mimi mwenyewe kwamba mwenye gari ana haki nacho: kuambiwa, kisha achague. Ungechagua kubaki. Ungekaa hapa unatafuta injini isiyopatikana, mwaka mmoja, miwili, ungeolewa na mtu wa karibu kwa kuchoka, na ungekuwa unaniambia kila asubuhi kwamba hujuti. Nisingeweza. Huenda nimekosea tena, sijui. Kila mara nilipotia bati nilidhani nina sababu nzuri.

Usirudi. Najua jambo la kwanza litakalokujia kichwani ni kuomba ruhusa ya wiki moja uje uone. Hakuna cha kuona. Sitabeba abiria hata mmoja kwa injini ile, nimeapa, safari hii sitasikia mtu akinishukuru. Gari litauzwa kama chuma. Aline atahamia kwa shangazi yako Kasha, hajui bado, nitamwambia Jumatatu, na atalia kwa sababu ya shule na marafiki zake. Mimi nitaomba kuosha vyuma kwenye garaje ya mtu, kama nilivyoanza. Usifikirie kwamba mambo yatatengemaa. Mimi sifikirii hivyo. Nimelitazama jambo hili kila upande kama ulivyoitazama injini ile, na kila nilipofungua nimekuta shaba. Sina matumaini ya kukupa, mama, ningekuwa nayo ningekufungia pamoja na mano. Nina wewe tu kuwa mbali na hapa.

Nakupenda. Tazama, nimeandika, wala haikuniua.

Sasa kuhusu kesho, ambayo kwako imeshapita. Leo asubuhi mlipokwenda kununua vitu vya safari nililijaribu gari. Nilishuka hadi mjini na kurudi. Wakati wa kurudi, kwenye mlima, injini ilipata moto, na nilipofika nyumbani sindano ilikuwa imeshaanza kushuka. Siku mbili tu, Nsimire. Bati halikudumu hata siku mbili. Kuchomoa waya wa taa siwezi, kwa sababu wewe ndiye unayeliwasha kila asubuhi, utageuza ufunguo na kusubiri iwake kwanza kabla ya kupiga stata, nilivyokufundisha, na isipowaka utashuka na kufungua boneti. Kwa hiyo nimebaki na njia moja. Injini ikiwa baridi inavumilia. Kutoka hapa hadi bandarini ni mteremko karibu wote, na tukitoka kabla barabara haijajaa, tusisimame popote, tutafika kabla haijapata moto. Tukikuta msongamano tukakaa kwenye ralenti, taa itawaka mbele ya macho yako, na utashuka na begi lako hapo hapo.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitakuwa mbaya. Nitakuambia tumechelewa, na tutakuwa hatujachelewa. Shangazi yako ataanzisha sala yake, unazijua sala zake, nami nitamkatiza katikati na atanishangaa mbele ya majirani. Utataka kuzunguka nyumba mara ya mwisho, utataka kumshika Aline, na mimi nitakuwa nakupigia kelele uingie garini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukuambia pale mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga tangu ulipokuwa mdogo, maana niliijua siku hii kabla yako. Hayatasemwa. Hakuna muda wa kuyasema kabla barabara haijajaa.

Kama unasoma hapa, taa haikuwaka. Ulipanda boti umenuna, huelewi kwa nini baba yako amekufukuza nyumbani kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Ulipogeuka kuniangalia kutoka majini uliniona nimesimama kando ya gari, sijaliwasha, sijaondoka, hadi mlipopotelea upande wa Idjwi. Huenda ulidhani nimejuta kwa yale makelele. Nilikuwa nasubiri usiweze tena kuona ufukwe, ndipo niwaite watu wanisaidie kulisukuma gari kurudi mlimani.

Papa